Kwenda likizo ukiwa na kibofu chenye aibu: mwongozo kwa watu wa Arusha na Moshi

Huu mwongozo ni wa mtu ambaye nyumbani kwake anakojoa vizuri tu, ila akiingia choo cha stendi akasikia mtu anakohoa nje ya mlango basi imeisha hiyo, hakitoki kitu hata kama kibofu kimejaa mpaka kinauma. Kama uko hivyo unajua likizo inavyogeuka kazi, wenzako wanapanga wakale wapi na wapige picha wapi, we unawaza choo kikoje huko na mtatumia watu wangapi, mwishowe unawaambia umebanwa na kazi unabaki nyumbani. Mimi pia nnayo hii hali na naishi huku kaskazini, kwa hiyo njia ntakazotaja ni za huku, wa mikoa mingine mtachukua kinachowafaa.

Kitaalamu inaitwa paruresisi. Sio uchawi, sio pepo, wala hukulaaniwa na mtu. Mwaka 1954 watafiti wawili wa Marekani, Williams na Degenhardt, waliwauliza wanafunzi wa chuo 1,419 na asilimia 14.4 wakasema imeshawatokea, kwa hiyo tupo wengi ila hamna anayesema. Madaktari wa afya ya akili wanaiweka kwenye hofu ya kijamii, yaani ile hofu ya kutazamwa au kusikika na watu. Kinachotokea mwilini ni kwamba ukishapata hofu mwili unamwaga adrenalini, msuli wa kibofu ambao kazi yake ni kusukuma unalegea, af misuli ya mlango wa kibofu inajifunga. Ndo maana ukisukuma kwa nguvu za tumbo hakitoki kitu na unazidi kukaza tu. Hili lishike vizuri maana kila ntakachosema chini kinatokana na hapo: mwili ukitulia mkojo unatoka wenyewe, kwa hiyo safari yako ipange kwa namna ya kuupa mwili nafasi ya kutulia.

Kwanza hakikisha ni hiyo kweli

Ukiwa peke yako nyumbani, mlango umefungwa, hamna mtu, unakojoa kawaida? Kama ndiyo, endelea kusoma. Kama hata peke yako inagoma, au unatoka kidogo kidogo, unauma, una damu, au we ni mzee wa miaka hamsini na kuendelea na mkojo umepoteza nguvu, hiyo usiiite aibu, inaweza kuwa tezi dume au maambukizi au kitu kingine, nenda hospitali kwanza likizo baadaye. Moshi KCMC wana madaktari wa mfumo wa mkojo, na unaweza kuanzia Mawenzi, au Mount Meru kama uko Arusha.

Hatua ya 1: usiache kunywa maji

Naanza na hii kwa sababu ndo inaumiza watu wengi. Mtu anasafiri kesho, leo mchana ameshaacha kunywa maji, asubuhi hanywi hata chai, anakaa kwenye basi masaa kumi na jua la Same linapiga dirishani, anafika Dar kichwa kinagonga na midomo imepasuka. Na hajasaidia chochote, maana mkojo mchache unakuwa mzito na mkali, unakereketa kibofu mpaka unahisi umebanwa kumbe kilichomo ndani ni kidogo, na ukifanya hivyo kila safari unajitafutia UTI na mawe kwenye figo.

Hesabu yenyewe iko hivi. Figo za mtu mzima aliyekunywa kiasi zinatoa mkojo kama mililita 60 kwa saa hivi. Kibofu kinaanza kukuambia kuna kitu kikifika kama mililita 150 mpaka 200, na kinaweza kubeba kama 400 mpaka 500. Kwa hiyo ukikimaliza vizuri nyumbani kabla hujatoka una masaa kadhaa ya amani kabisa, huna sababu ya kujikausha. Shida inakuja ukinywa chupa nzima ya maji kwa mkupuo pale stendi af juu yake kahawa, hapo figo zinaongeza spidi na hesabu yote inavurugika.

Ninachofanya na ninachokushauri: siku moja kabla kunywa vizuri kama kawaida. Asubuhi ya safari kunywa nusu kikombe cha maji na kitu chepesi cha kula. Chai, kahawa, soda za kola, vinywaji vya kuongeza nguvu na tikiti maji achana navyo mpaka ufike. Kabla ya kutoka nyumbani kojoa, vaa viatu, funga begi, af rudi ukojoe tena, hiyo ya pili watu wanaiona ya bure lakini kuna kiasi kinaweza kuwa kimebaki. Njiani piga funda moja moja kila baada ya muda, usisubiri kiu.

Hatua ya 2: angalia vidonge unavyomeza

Hii sijawahi kusikia mtu anaisema huku kwetu na ni muhimu sana. Vile vidonge vya kuzuia kutapika kwenye gari, vingi ni jamii ya dawa za mzio, mfano promethazini, na moja ya madhara yake ni kufanya kibofu kigome kutoa. Piriton hivyo hivyo. Na dawa za mafua zenye kitu cha kuzibua pua nazo zinabana mlango wa kibofu. Mtu mwenye kibofu cha kawaida anaweza asihisi kitu ila wewe ambaye tayari mlango unajifunga kwa hofu umeongeza kufuli la pili. Ukifika duka la dawa mwambie mfamasia wazi: mimi nikiwa safarini mkojo huwa unagoma, hii dawa haitanizidishia? Hapo hujasema aibu yoyote, umeuliza swali la dawa. Kama unatapika kwenye gari jaribu kukaa mbele, angalia mbali barabarani, usishike simu, kula kidogo. Ila dawa ulizoandikiwa na daktari usiziache kwa sababu ya kusoma hapa, rudi ukamuulize yeye.

Hatua ya 3: mwambie mtu mmoja

Namaanisha mmoja kweli, na awe yule mwenye uwezo wa kusimamisha gari au kukupa chumba. Hamna haja ya kutangazia kundi zima la likizo. Nusu ya hofu yetu ni kwamba watu watajiuliza kwa nini huyu anakaa chooni muda wote huo, sasa akiwepo mmoja anayejua, yeye anakutetea, wakisema twende anasema subirini bado mtu.

Watu wananiambia hawajui waanzie wapi kusema. Huhitaji hotuba. Kwa rafiki: "Oya, mimi nikiwa na presha ya watu nje mkojo hautoki, ni hali ipo inajulikana, kwa hiyo nikichelewa chooni usinigongee na usiruhusu mtu anigongee." Basi. Wengi watakuuliza swali moja mawili af wanasahau, na usishangae mwingine akakwambia hata yeye hawezi kusimama pale wanaume wanaposimama kwa pamoja ukutani.

Kwa mwenza wako usimfiche kabisa, hasa kama ndo mnaenda fungate. Chumba cha hoteli mlango wa choo mwembamba, yeye yuko kitandani mita tatu kutoka hapo, we unajikaza usiku kucha. Mwambie kabla ya safari ili awe anafungulia TV au anatoka barazani kidogo bila kuombwa.

Hatua ya 4: mazoezi wiki kadhaa kabla

Njia ambayo wataalamu wanaitumia zaidi kwa hii hali ni kuikabili hofu kidogo kidogo, unaanza na sehemu rahisi unapanda taratibu. Tangu 1996 kuna shirika la kimataifa la watu wenye paruresisi, lilianzia Marekani, na hii ndo njia wanayofundisha. Orodha yako unaitunga mwenyewe kulingana na kinachokutisha. Kwa mtu wa Moshi au Arusha inaweza kuwa hivi: choo cha nyumbani kuna mtu sebuleni, af nyumbani mlango haujafungwa komeo, af kwa rafiki, af sheli tulivu ya barabara ya Moshi Arusha saa za mchana, af mgahawa mjini ambao una chumba kimoja cha choo, af choo cha supamaketi chenye milango mingi, af stendi kuu asubuhi mapema, af stendi mchana watu wamejaa.

Siku ya zoezi kunywa maji ya kutosha mpaka ubanwe kweli, ukienda hujabanwa utashindwa na utadhani tatizo ni sehemu. Ingia, simama au chuchumaa, subiri kama dakika mbili tatu. Ikigoma toka, tembea kidogo, rudi. Ukianza kutoka, toa kidogo af simamisha kwa makusudi, tulia, anza tena, hivyo katika bano moja unapata kuanza mara kadhaa na kila kuanza ni zoezi. Ukiwa na yule mtu wako mmoja ni bora zaidi, aanzie kusimama mbali nje ya jengo, siku nyingine asogee mpaka koridoni, siku nyingine mlangoni. Usiruke ngazi. Kurudia ya chini ikazoeleka kunasaidia zaidi kuliko kujitupa stendi ya Arusha siku ya kwanza, ukishindwa pale unarudi nyumbani na hofu kubwa kuliko uliyoenda nayo.

Kuna mbinu ya pumzi pia, wengine inawafaa sana na wengine haiwafai kabisa. Ukiwa umesimama au umekaa tayari chooni, pumua kawaida, toa hewa kama robo tatu yake, af shikilia hapo usivute. Ukifika kwenye sekunde 45 hivi unasikia kama sakafu ya nyonga, yaani misuli inayoshikilia kibofu kwa chini, inashuka na mkojo unaanza. Mwanzo unapata wasiwasi wa kukosa hewa, kwa hiyo jizoeshe nyumbani umekaa kitini, ongeza sekunde chache chache siku kwa siku, kizunguzungu kikija acha. Mwenye ugonjwa wa moyo, presha, shida ya mapafu au mjamzito hii airuke.

Likizo ya kwanza isiwe ya wiki nzima. Materuni kwenye maporomoko au Chemka ukaogelee, unaenda asubuhi unarudi jioni, ikishindikana kabisa nyumbani ni karibu. Hizo safari fupi zinafundisha kuliko kusoma.

Hatua ya 5: basi la Dar

Hapa ntakaa kidogo maana ndo penyewe.

Kata tiketi mapema uchague siti, kaa mbele upande wa konda na uwe koridoni sio dirishani, ili kushuka na kuongea na konda kusiwe shughuli. Mabasi mengi ya Arusha na Moshi yanasimama kwa chakula maeneo ya Mombo au Korogwe, na njiani mnaweza kusimama kuchimba dawa. Kuchimba dawa kwa watu kama sisi kuna pande mbili. Mbaya ni kwamba basi zima linashuka na wanaume wanajipanga mstari kando ya barabara, ukijipanga nao hutoi kitu. Nzuri ni kwamba pori ni pana. Usishuke wa mwisho, shuka wa kwanza na tembea haraka, wapite wote, nenda mbali kidogo kuliko walipofika ukiwa bado unaliona basi, wape mgongo. Wanawake, kanga au kitenge kiwe mkononi sio kwenye begi la chini, unajifunga pana unachuchumaa na hata mtu akitazama haoni kitu, na kama unatumia ile faneli ya kukojolea umesimama jizoeshe nayo bafuni kwanza kabla hujaileta porini.

Konda mwambie kabla basi halijaondoka, sio mkiwa Hedaru umeshabanwa jasho linakutoka. Inaweza kuwa hivi:

"Kaka habari ya kazi. Samahani, nina tatizo la kibofu, nikishuka kuchimba dawa huwa nachelewa kidogo. Nakuomba usiniache."
"Siti namba ngapi?"
"Namba tatu."
"Poa, usiwaze, ntahesabu watu."

Neno tatizo la kibofu linatosha, hamna konda atakayeuliza zaidi.

Sehemu ya chakula kila mtu akishuka anakimbilia chooni. Wewe usikimbilie. Agiza chakula kwanza au kaa pembeni, subiri wimbi la kwanza lipite, nenda dakika chache kabla konda hajaanza kupiga kelele za tunaondoka. Ila sio sekunde ya mwisho, honi ikianza kulia umekwisha. Kama basi jingine limeingia na foleni imerudi, angalia nyuma ya hoteli, mara nyingi kuna choo cha wafanyakazi, muombe dada wa kaunta kwa heshima umuachie mia tano.

Sasa ukiwa ndani ya hicho choo. Chagua mlango wa mwisho kabisa upande wa ukuta, uwe na jirani mmoja badala ya wawili. Funga komeo, na kama komeo bovu tundika begi au mtandio juu ya mlango watu waone kuna mtu. Fungulia bomba liingize maji kwenye ndoo, taratibu sio kwa nguvu, hiyo sauti inakufichia na pia inausaidia mwili kuanza. Bomba kama halitoi chota kwa kopo umwage kidogo kidogo sakafuni, huku kwetu kila mtu anamwaga maji chooni kwa hiyo hamna atakayeshangaa. Mwanaume chuchumaa au kaa kama choo kinakalika, usisimame, misuli ya nyonga inalegea zaidi. Legeza taya, legeza mabega. Mtu akigonga jibu "kuna mtu" kwa sauti ya kawaida, ukishajibu deni lake limeisha, huna haja ya kuharakisha. Simu inasaidia pia, soma kitu, hesabu kurudi nyuma kutoka mia kwa saba saba, akili ikiwa na kazi nyingine inaacha kukisimamia kibofu.

Kama una gari binafsi au mmekodi noah ya familia, yote haya ni marahisi. Beba chupa ya mdomo mpana yenye kifuniko cha kukaza, kitenge cha kuziba dirisha, simama sehemu salama wenzako washuke wanyooshe miguu wewe ubaki ndani.

Hatua ya 6: ndege na boti

Kutoka KIA au uwanja wa Kisongo kwenda Zanzibar ni safari fupi, ukimaliza nyumbani na ukapita tena choo cha uwanjani unaweza usihitaji cha kwenye ndege. Kwenye uwanja nenda mapema, kabla ya ukaguzi wa mizigo, wakati wengi bado wako nje na ndugu zao. Safari ndefu omba siti ya koridoni nyuma karibu na choo. Choo cha ndege wengi wanakiogopa ila mimi nakiona kizuri, ni chumba kimoja, kina kufuli la kweli, na injini inanguruma kiasi kwamba hamna anayesikia kitu. Ubaya ni foleni tu, kwa hiyo nenda taa ya mikanda ikizimika tu, au wakati wa chakula kabla kitoroli hakijafika kwako. Boti ya Dar kwenda Unguja ni kama masaa mawili, nenda mwanzoni ikishaanza kuondoka, watu wakianza kutapika vyoo havifai.

Hatua ya 7: mbugani

Ukienda Tarangire, Manyara au Ngorongoro kuna sheria ya kutoshuka kwenye gari nje ya sehemu zilizoruhusiwa, na ni ya kuheshimu, wanyama hawajui una paruresisi. Kwa hiyo kila geti ni kituo chako, Loduare pale Ngorongoro, Naabi ukiingia Serengeti, na kreta yenyewe ina sehemu za mapumziko zenye vyoo kama Ngoitokitok. Toka Arusha mpaka Karatu kuna maduka makubwa ya vinyago ambayo watalii wanashushwa, vyoo vyao visafi na vina milango mizima, mwambie dereva asimame hapo hata kama hamnunui.

Dereva wa watalii ndo mtu wako mmoja safari hii. Wao wanazunguka na wageni wa kila aina, wazee wenye tezi dume, wajawazito, hawashangai. Mwambie asubuhi mkiwa bado hotelini kwamba unataka kusimama kila kituo hata kama hujabanwa, na unataka dakika kumi sio tatu. Kreta ina magari mengi yanafika sehemu ya mapumziko muda mmoja wa chakula cha mchana, muombe mfike nusu saa kabla au baada.

Hatua ya 8: mlima

Kilimanjaro ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kule kunywa kidogo ni hatari. Waongoza wageni wanataka unywe lita tatu mpaka nne kwa siku maana hewa ni kavu na ukikaukiwa unachoka na kuumwa kichwa, na wengi wanameza Diamox ya kuzuia ugonjwa wa mwinuko ambayo yenyewe inaongeza mkojo. Ukichanganya hayo na kibofu cha aibu bila mpango, unajikuta kambi ya Horombo usiku umebanwa mpaka unalia.

Mpango: njia ya Marangu mnalala kwenye mabanda kwa pamoja, Machame unalala kwenye tenti. Chagua tenti, na lipia zaidi uwe peke yako ndani. Beba chupa mbili za mdomo mpana ziandikwe alama kubwa usije ukachanganya na ya maji, usiku unakojoa humo humo upepo unavuma nje. Kampuni nyingi zinakodisha tenti ya choo ya kundi, ulizia kabla ya kulipa, ni ya thamani sana kuliko vile vyoo vya shimo vya kambini. Mchana mwambie mwongozaji akutangulize au akuache nyuma na msaidizi mmoja, asikusimamie. Chupa jizoeshe nayo nyumbani umepiga magoti, sio usiku wa kwanza kule juu na vidole vimeganda.

Hatua ya 9: kijijini Desemba

Wachaga wenzangu mnanielewa. Unapanda Rombo, Marangu, Machame au Kibosho kwa ajili ya Krismasi, nyumba moja ina watu ishirini, choo kipo nje kwenye migomba au ndani kimoja kinachotazamana na sebule ambapo wajomba wote wamekaa. Ukiingia watu kumi na tano wamekuona, ukitoka wanakusalimia. Kwa wengi wetu hii ni ngumu kuliko stendi, kwa sababu stendi hamna anayekujua.

Mtu wako hapa ni shangazi au mama mwenye nyumba, na unamuendea faragha ulipofika tu.

"Shangazi shikamoo."
"Marahaba mwanangu, umekonda."
"Shangazi nina shida ya mkojo, nikisikia watu karibu hautoki. Naomba ndoo yenye mfuniko niweke chumbani usiku, na mchana naweza kwenda choo cha juu kwa bibi."
"Kwa nini hukusema siku zote? Ndoo ipo, ntakuletea na dawa ya kusafishia."

Wanawake wa umri huo wameuguza wazazi na wamelea watoto, mkojo hauwashangazi. Ndoo ya usiku ipo kwenye nyumba nyingi za kijijini kwa ajili ya wazee na watoto, hamna maneno. Amka mapema kabla ya watu, saa kumi na moja hivi, choo ni chako peke yako. Mchana jitolee kazi za shamba, kukata majani ya ng'ombe, kufuata kitu mjini, kihamba, yaani shamba la migomba la nyumbani, kina kona nyingi. Mbege na bia uwe na kiasi, vinakulegeza kweli mwanzoni ila vinajaza kibofu haraka na saa mbili baadaye umebanwa mara tatu zaidi na watu wamelewa wanapiga foleni.

Ukiona huwezi kabisa, lala gesti. Chukua chumba self, waambie ndugu unafanya kazi usiku kwenye kompyuta, au waambie ukweli. Hata hoteli za mapumziko hivyo hivyo, kabla hujalipa uliza choo kiko ndani ya chumba, mlango ni wa mbao kamili, maana siku hizi kuna vyumba vya kisasa ambavyo choo kimezibwa kwa kioo tu.

Ikigoma kabisa

Umefika, umejaribu, masaa yanaenda, tumbo la chini limekuwa gumu na linauma. Kwanza tafuta bafu lenye maji ya moto, hata kukodi chumba cha gesti kwa saa moja, simama au kaa kwenye maji ya uvuguvugu na ukojoe humo humo bafuni, joto linalegeza misuli. Acha kunywa kwa muda huo mpaka utoke. Kama yamepita masaa kama nane umebanwa na hakitoki kitu, au maumivu ni makali, nenda hospitali ya karibu usingoje asubuhi. Ukifika usizunguke maneno, sema: "Nimebanwa mkojo tangu saa fulani, nimejaribu hautoki, nina hali ya kushindwa kukojoa mbele za watu." Watakuwekea mpira wa mkojo, ni dakika chache na unafuu unaupata hapo hapo.

Wenye hali kali zaidi wanafundishwa na nesi au daktari kujiwekea mpira wenyewe, ule wa kutumia mara moja na kutupa, na wanasafiri nao. Kwa baadhi ya watu hii ndo imewarudishia maisha, kwa sababu ukijua unao kwenye begi hofu inapungua na mara nyingi huishii kuutumia. Usijifunze kwa video, unaweza kujiumiza njia ya mkojo au kujiletea maambukizi, ufundishwe ana kwa ana kabla ya likizo na uombe barua kwa ajili ya ukaguzi wa uwanja wa ndege.

Na ukiwekewa mpira huko safarini, muulize nesi ametoa mililita ngapi, uandike kwenye simu pamoja na saa uliyobanwa na dawa ulizokuwa umemeza, ukirudi Moshi au Arusha daktari wa mkojo atavihitaji.